Vidonge Mia kwenye Beseni

Vidonge vilikuwa mia moja, na nilivitwanga mwenyewe. Nilichukua kinu kidogo cha kitunguu saumu, nikavisaga mpaka vikawa unga mweupe mithili ya unga wa muhogo, nikaumimina kwenye beseni la lita 20 lenye vichanga wa perege walioanguliwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mwajiri wangu alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayengojea ugali uive. Ilikuwa mwaka 2012, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Nilikuwa na stashahada ya ufugaji wa samaki, miaka mitatu ya kazi, na ujasiri mwingi kuliko nilivyostahili.

Habari ya vidonge ilianzia kwa mkewe. Mama yule alifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, na tangu hapo kila alfajiri alimeza kidonge kimoja kabla ya kuonja chai. Miezi ya mwanzo, kipimo chake kikiwa bado hakijakaa sawa, alikuwa mchovu wa kudumu. Alijifunika shuka mbili katika joto la Februari, nywele zilikatika kwenye kitana, na jina la mjukuu wake lilimtoka akiwa amempakata. Kidonge kikamrudisha. Mzee aliyaona hayo ndani ya nyumba yake mwenyewe, na akili yake ya biashara haikulala: dawa iliyomwamsha mama, itashindwaje na kifaranga?

"Binti yangu," aliniambia, "nimesoma kwenye simu kwamba samaki nao wana tezi hiyohiyo. Kweli au uongo?"

"Kweli, Mzee. Lakini..."

"Hiyo lakini yako iweke pembeni kwanza."

Na mimi nikaiweka. Haki ni haki, sikulazimishwa. Kwenye daftari langu la chuo nilikuwa nimeandika habari za T. J. Lam wa Singapore, ambaye mwaka 1980 alichapisha matokeo ya kuwalea vichanga wa perege wa Msumbiji kwenye maji yenye thairoksini, homoni ileile iliyomo kwenye vidonge vya mama. Walimaliza kiini chao mapema, wakakua upesi zaidi, na wengi wao wakaishi. Nilitamani kuyaona hayo kwa macho yangu. Kwa kipimo nilichokuwa nimekinakili, miligramu 0.1 kwa lita, na kila kidonge kikiwa na maikrogramu 100, beseni lilihitaji vidonge ishirini. Mzee alisikia hesabu hiyo akacheka.

"Mke wangu ni mmoja, anameza kimoja. Hawa wako mia tano. Ishirini watagawana nini?"

Tukaelewana hivi: beseni la kwanza lisiwe na kitu, la pili liwe na vidonge vyangu ishirini, la tatu liwe na mia vya Mzee. Beseni la kwanza ndilo jambo pekee la busara nililofanya wiki ile.

Asiyewahi kumwona kichanga wa perege afikirie macho mawili meusi yaliyobandikwa kwenye mpira wa njano. Mpira huo ni mfuko wa kiini, akiba aliyofungiwa na mama yake. Kwa kawaida mama humlea kinywani, naye mwenyewe hali chakula siku zote hizo. Sisi wa vituo vya vifaranga humtemesha mama mayai, tukayaangulia kwenye chupa zenye maji yanayozunguka. Kwenye maji ya nyuzi 27 kama yetu, kichanga hukaa karibu wiki nzima akila kiini polepole, kisha huinuka kuogelea na kutafuta chakula.

Beseni la tatu halikungoja wiki. Siku ya tatu vichanga walikuwa tayari wanajirusha kutoka chini, mapezi yamesimama, ilhali wenzao wa beseni la kwanza wamelala wanatingisha mikia tu. Mzee alimpigia simu rafiki yake nikisikia: "Nimeipata dawa." Siku ya tano kiini kilikuwa kimekwisha. Ndipo nilipoinama na tochi nikaona kitu ambacho furaha ilikuwa imekificha: mpira umeisha, lakini mwili haukuongezeka. Walikuwa samaki kamili, wadogo, wembamba kama uzi wa kushonea. Siku ya sita walianza kuogelea kwa kuzunguka. Uti wa mgongo ulijipinda kama mundu, mapezi ya kifuani yakasinyaa kama jani lililopitiwa na moto. Siku ya tisa niliwahesabu waliobaki, hawakufika arobaini. Niliwamwaga chini ya mgomba.

Wa beseni la pili walitangulia wenzao kwa siku moja hivi, wakawa wazima. Niliwatenga kwenye hapa, ile nyavu ndogo tunayoitundika ndani ya bwawa, na wa beseni la kwanza nikawaweka kwenye hapa ya jirani. Baada ya wiki sita mizani yangu haikuweza kuniambia nani ni nani.

Mzee hakunifokea. Alichoniomba ni nisimwambie mama. Akasahau kwamba mgonjwa wa miaka mingi huvijua vidonge vyake kama mfugaji anavyowajua mbuzi wake. Sehemu ya vile mia ilitoka kwenye boksi la akiba kabatini, na mama alipogundua alikuja mwenyewe kituoni, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "daktari wangu aliniambia siku ya kwanza kabisa: kikipungua utanenepa na kulala, kikizidi moyo utakimbia na mwili utakwisha. Sasa nyinyi mlitegemea samaki aongezeke kilo?"

Darasani nilikaa miaka miwili, na sentensi hiyo haikuwahi kunifikia kwa usafi namna ile.

Kabla sijamwandikia mwalimu wangu wa zamani niliona nijisahihishe mwenyewe. Nilichukua perege mkubwa, nikampasua koo, nikaitafuta hiyo tezi. Kwa binadamu ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya koo, kila kitabu kinaichora. Kwa yule perege nilikuta damu, misuli na mifupa ya matamvua. Mwalimu aliposoma barua yangu alinipigia simu akicheka. "Utaitafuta mpaka jioni. Samaki wengi hawana tezi ya kushika mkononi." Vijifuko vyake, alinieleza, vimetapakaa kama ufuta uliomwagika, kuuzunguka mshipa mkubwa unaotoka moyoni kwenda kwenye matamvua. Kwa baadhi ya samaki vingine hukutwa hata kwenye figo. Ndiyo maana watafiti hawawezi kumkata samaki tezi yake kwa kisu wakaona kinachofuata. Huizima kwa kemikali.

Kazi ya vijifuko hivyo ni kuikamata iodini. Samaki huipata kwenye chakula, na nyingine huinyonya kwa matamvua moja kwa moja kutoka majini, jambo ambalo wewe na mimi hatuliwezi. Iodini hiyo hufungwa kuwa thairoksini, yenye atomu nne za iodini. Homoni hiyo huzunguka mwilini kwa wingi, lakini nguvu yake ni ndogo mpaka ifike kwenye ini na viungo vingine, ambako vimeng'enya huipunguza atomu moja. Hapo inabaki na tatu, na sasa inafanya kazi. Wataalamu huziita T4 na T3. Mimi huwaambia vijana wangu kwamba T4 ni mahindi ghalani na T3 ni ugali mezani. Ghala likijaa halimshibishi mtu. Lazima pawepo wa kukoboa, kusaga na kusonga.

Na mwili wa samaki ni mchoyo mwenye akili kwenye hatua hiyo ya kusonga. Akikosa chakula, T3 hushuka. Mwili hubana matumizi, husimamisha ukuaji, hungoja. Akilishwa tena, T3 hupanda. Homoni ya ukuaji inayotoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, nayo huhimiza T4 igeuzwe T3, na yenyewe haifanyi kazi yake vizuri T3 ikiwa haba. Wawili hao hufanya kazi bega kwa bega. Nilipoyaelewa haya niliikumbuka desturi ya kituo chetu ya kupunguza chakula kila mwisho wa mwezi, fedha zikikauka. Tulikuwa tunaishusha homoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tunainunua duka la dawa.

(Niseme jambo hapa kwa sababu wateja huniuliza kila wiki: "Hawa ni wa homoni?" Wanachokusudia ni methailitestosteroni, inayochanganywa kwenye chakula cha vifaranga wiki tatu hadi nne za mwanzo ili wawe madume watupu. Hiyo ni habari nyingine kabisa na ina ubishi wake. Kwenye soko la samaki neno homoni limekuwa kama neno dawa, kila mtu analitia anachotaka.)

Habari ya tezi niliiona tangu utotoni, bila kuijua. Mimi ni mtoto wa Ukinga, Makete, kwenye baridi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu shingoni. Mtu wa pwani angesema lilikuwa kubwa kama embe, lakini kwetu hakuna maembe, tulisema kama kiazi. Alilifunika kwa kitenge alipokwenda kanisani. Nyumbani hakujali, na sisi wajukuu tulikaa mbele yake wakati wa kula kulitazama likipanda na kushuka kila alipomeza tonge. Sikuona ajabu. Bibi wa jirani alikuwa nalo, na wa ng'ambo ya mto alikuwa nalo. Nilidhani linakuja na uzee, kama mvi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na kijana tuliyecheza naye. Nilipokuwa darasa la pili alikuwa na kimo changu. Nilipofika la saba nilimwacha palepale. Alikuwa na uso wa mtu mzima na kimo cha mtoto. Hasikii, hasemi. Alikuwa na cheko zuri sana, na mama yake alikuwa na rovu kubwa kuliko la bibi. Kijijini walisema mkosi, wengine wakasema wamechezewa. Hakuna aliyesema chumvi.

Duka letu moja liliuza chumvi ya gunia, kwa kipimo cha glasi. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikaja ya pakiti, na kwenye ukuta wa zahanati likaja bango la chumvi yenye madini joto. Madini joto ndiyo hiyo iodini, ingawa siku zile hakuna aliyetuambia kwamba ni kitu kimoja, na mimi nililisoma neno iodini kwenye kemia miaka minne bila kujua kwamba limeandikwa jikoni kwa mama. Milima yetu imeoshwa na mvua tangu dunia ianze. Kilichokuwa kwenye udongo kimetelemka na mito hadi baharini, na huko ndiko kiliko mpaka leo. Mmakete alikula viazi vya udongo uliooshwa, akanywa maji ya mlima uliooshwa, na tezi ya shingo ikawa inavimba kwa juhudi ya kukamata kisichokuwepo. Kisiwani Idjwi, kwenye ziwa Kivu, watafiti walioanza kazi huko miaka ya 1960 waligundua kwamba upungufu huo ulipata msaidizi: muhogo usioandaliwa vizuri, ambao sumu yake mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi kuikamata hata ile iodini kidogo iliyopo.

Bibi alifariki mwaka 1998 na rovu lake. Wadogo zangu waliozaliwa nyuma hawana.

Mwalimu ndiye aliyeniunganishia shingo ya bibi na koo la samaki, kwa hadithi ambayo naiona ni ya haki kuliko nyingi za sayansi. Mwanzoni mwa karne iliyopita trauti waliofugwa Marekani walikuwa wakivimba koo mpaka matamvua yanashindwa kufunga, na wakubwa wa fani wakasema ni saratani. Daktari kijana wa Cleveland, David Marine, alikwenda kuwachunguza trauti wa Pennsylvania pamoja na mwenzake Lenhart. Aliwakuta wamebanana, maji yanatoka bwawa hadi bwawa yakizidi kuchafuka, chakula chao ni maini ya mifugo. Akawatia iodini. Uvimbe ukanywea. Mwaka 1910 wawili hao waliandika kwamba hiyo waliyoiita saratani ni rovu, lilelile la binadamu.

Marine hakuishia kwa samaki. Mwaka 1917, yeye na Oliver Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule za Akron, Ohio, iodini kidogo mara mbili kwa mwaka. Kati ya 2,190 walioimeza, watano tu ndio walioota rovu. Kati ya 2,305 ambao hawakuimeza, waliota 495. Mwaka 1924 chumvi yenye iodini ilikuwa madukani Michigan. Sehemu ya safari ya ile pakiti iliyofika Makete ilipita kwenye koo la trauti. Kila nikimpasua samaki namkumbuka bibi, na sioni kwamba namvunjia heshima.

Nirudi kwenye beseni la tatu, maana swali lake lilinikaa miaka. Kwa nini walikamilika kabla ya kukua?

Jibu lilikuwa limeandikwa tangu 1912, kwa viluwiluwi. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya farasi. Alitegemea nini sijali, alichokipata ni vyura. Mikia ilinyauka, miguu ikaota, wakageuka vyura kabla ya wakati wao, vyura wadogo wa kuchekesha. Kwa samaki, mfano unaonifunga mdomo ni wa gayogayo wa Japani. Yule samaki bapa huzaliwa kama samaki mwingine yeyote, jicho huku na jicho huku, anaogelea wima. Kisha jicho moja huhama, hupita juu ya kichwa likaungana na mwenzake, naye hulala ubavu kwenye mchanga mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1985 Inui na Miwa walionyesha kwamba amri ya kuhama inatoka kwenye homoni za thairoidi. Waliotiwa thairoksini waligeuka mapema wakawa bapa wadogo mno. Waliozimiwa tezi kwa thayourea hawakugeuka kabisa. Na hawa wa mwisho hawakuacha kuongezeka! Walizidi kurefuka, wakubwa kuliko kichanga yeyote anavyotakiwa kuwa, bado wima, bado jicho huku na jicho huku.

Niliposimuliwa hilo nilikaa kimya kwenye simu. Nilimwona yule kijana wa nyumba ya tatu. Kisa chake ni tofauti, kimo chake chenyewe kilikwama, lakini nilikuwa nimejiuliza miaka yote kwa nini alikosa vitu vingi namna ile kwa pamoja, kimo, masikio, ulimi. Homoni hii haiongezi urefu kama mtu anavyoongeza maji kwenye uji. Kazi yake ni kuwavusha viumbe. Inakiambia kila kiungo, kila mfupa, kila neva: sasa, vuka. Ikikosekana, mwili unabaki ukingoni. Ikizidi, unavuka kabla haujapata nguvu za upande wa pili. Mzee na mimi tuliwavusha vichanga mia tano mto ambao miguu yao haikufika chini.

Hata samoni, akiwa tayari kuacha mto na kwenda baharini, hupandisha thairoksini kwenye damu. Mwaka 1981 Grau na wenzake walichapisha kwamba kwa samoni aina ya coho kilele hicho huangukia mwezi unapoandama. Nilimsimulia hilo mvuvi mmoja wa Bagamoyo nikitegemea atashangaa. Akaniuliza kama hao Wazungu hawajawahi kusikia bamvua.

Sasa nifike kwa mama wa vichanga, kwa sababu ndiko kosa letu lilikokuwa tangu mwanzo, kabla ya kinu na vidonge.

Kichanga wa perege anapoanguliwa vijifuko vyake vya tezi bado havijaanza kazi ya maana. Lakini homoni anayo. Katika miaka ya 1980 watafiti waliipima kwenye mayai ya samoni, wakaikuta ndani ya kiini, T4 na T3, imewekwa na mama. Ule mpira wa njano niliokuwa nikiuona kila siku ni mafuta, ni protini, na ndani yake yamo maagizo. Huko California, Christopher Brown na wenzake waliwadunga T3 majike wa aina moja ya samaki wa Marekani kabla hawajataga. Vichanga wao walijaza kibofu cha hewa kwa wingi zaidi na wakaishi wengi zaidi, bila wao wenyewe kuguswa. Hiyo ilikuwa 1988. Mimi, 2012, niliwamiminia dawa watoto waliokuwa wamekuja na fungu lao, na sikuwahi kujiuliza mama zao walikuwa wanakula nini.

Walikuwa wanakula pumba. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, na siku nyingine majani ya kabichi yaliyobaki sokoni. Chakula cha dagaa kilikuwa cha vifaranga, kwa sababu vifaranga ndio wanaouzwa. Wazazi hawauzwi, kwa hiyo Mzee aliwaona kama mitambo: mafuta kidogo, kazi nyingi. Kila wiki mbili tuliwatemesha mayai, tukawarudisha majini, tukawangoja wajae tena. Jike asiyekula akiwa na mayai kinywani, akimaliza anakutana na pumba.

Nilimwomba Mzee mifuko mitatu ya unga wa dagaa wa baharini kwa ajili ya wazazi. Alinitazama kama nimemwomba shamba. Nikamkumbusha bei ya vidonge 120. Akatoa.

Wiki sita tuliwalisha. Hatukuwa na maabara ya kupima homoni, tulikuwa na mizani na rula, kwa hiyo nasimulia tu kile ambacho mizani na rula zinaweza kusimulia. Mayai yalikuwa makubwa kidogo na ya njano iliyokolea. Vichanga waliinuka karibu kwa pamoja, siku moja na nusu kati ya wa kwanza na wa mwisho, badala ya zile siku tatu nne tulizozizoea, ambapo wa mwisho hukuta wa kwanza wameshakuwa majitu na kuanza kuwauma mikia. Vifo vilipungua mpaka tukaishiwa nafasi kwenye hapa. Dagaa alileta protini, alileta mafuta, alileta madini joto ya bahari. Nani kati yao alifanya lipi ni kazi ya mwenye maabara. Mimi nilichojua ni kwamba tumeacha kumdai mtoto deni la mama.

Mwaka 2014 nilipata mimba ya kwanza. Nesi wa kliniki, msichana mdogo kuliko mimi, aliniuliza natumia chumvi gani na naitunza wapi. Nikamwambia ya pakiti, kwenye kopo wazi karibu na jiko. Akanikataza: madini joto hupotea kwa joto na hewa, funika, weka mbali na moto. Akaendelea kunieleza, polepole kama anayemwelewesha mtu asiyesoma, kwamba mtoto tumboni miezi ya mwanzo hana tezi yake ya kutegemea, anaishi kwa ya mama. Sikumkatiza. Nilitaka kulisikia kutoka kwake, mpaka mwisho, kama mama wa nyumba ya tatu ambavyo angestahili kulisikia.

Mzee ameshaacha biashara ya samaki, anafuga nyuki. Mkewe bado anameza kidonge chake alfajiri, na husema ni yeye pekee katika nyumba ile aliyewahi kukimeza kwa kipimo.

Mimi nina mabwawa yangu mawili ya vifaranga na moja la wazazi. Wanunuzi wakifika huenda moja kwa moja kwenye vifaranga, wanawashika, wanawapima kwa vidole, wanaulizia bei, na siku hizi kila kundi lina mtu mmoja anayeniuliza kuhusu unga fulani wa kukuza upesi aliouona unatangazwa. Ukija kwangu, au ukienda kwa mwingine yeyote, tafadhali anza na wazazi. Omba uonyeshwe bwawa lao. Uliza wamekula nini asubuhi ile, na walikula nini mwezi uliopita. Mwenye kituo akikuambia hakuna haja, rudi na fedha yako. Bwawa langu la wazazi liko nyuma ya banda la kuku, upande wa mfereji, na halina geti.